Abiria wa Kiti cha Magurudumu na Mgongo wa Mfanya Kazi



Mazungumzo ya mapatano yakaribia tena, na kila idara imeleta maneno yake: nyumba, posho ya usiku, viatu, makoti ya mvua. Yote hayo ni ya haki na Chama kitayapeleka mezani. Lakini liko jambo moja ambalo halimo katika orodha, nasi twaona halifai kuachwa nje. Ni jambo la abiria wanaosafiri kwa viti vya magurudumu, na la watu wanaowabeba.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la huruma, lipelekwe makanisani na misikitini. Sivyo. Kumwingiza mtu katika ndege, kumketisha, kumtoa, na kumrudishia kiti chake kikiwa kizima, ni kazi. Yafanywa na watu wanaolipwa mshahara, kwa dakika zilizohesabiwa, kwa vyombo ambavyo mwajiri amenunua au amekataa kununua. Kazi ikiwa namna hiyo, mahali pake ni katika mapatano.

Wasiofanya kazi uwanjani wapate kuelewa. Penye daraja la kutoka jengoni mpaka mlango wa ndege, abiria husukumwa katika kiti chake hadi mlangoni. Hapo hukiacha, maana ujia wa ndege ni mwembamba kuliko kiti. Huinuliwa, akawekwa katika kiti kingine chembamba, akafungwa mikanda, akavutwa hadi safu yake, kisha akainuliwa mara ya pili apite juu ya mkono wa kiti cha ndege. Hiyo ndiyo hali iliyo njema. Pasipo daraja hubaki ngazi. Mlango wa Boeing 737 uko yapata mita mbili na nusu juu ya ardhi. Chombo cha kupandia huko ni lori la kuinua, lenye chumba kinachopanda na abiria wake hadi usawa wa mlango. Lori likiwa halipo, au limeharibika tangu mwezi jana, au liko kwenye ndege nyingine, huitwa watu wawili. Mmoja hushika mabegani, mmoja miguuni, na mmoja wao lazima apande kinyumenyume. Mvua ikinyesha, ngazi ni za chuma.

Abiria ana kilo themanini. Nyapara anatazama saa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumtaka mtu abebe kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumwumiza. Mwenye kampuni hujibu kwamba abiria si mzigo. Ni kweli, abiria si mzigo, na ndiyo sababu hafai kubebwa kama gunia. Mgongo wa mpagazi haujui tofauti hiyo.

Sasa fikirini upande wa yule anayebebwa. Hushikwa makwapani na watu asiowajua, mbele ya foleni nzima, nguo zikapanda. Wengi huacha kunywa maji tangu jana yake, kwa kuwa katika ndege za ujia mmoja hawawezi kufika chooni. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba ndege za namna hiyo zenye viti 125 au zaidi ziwe na choo wanachoweza kukitumia, lakini ni zile zitakazoagizwa kuanzia mwaka 2033 au kutolewa kiwandani kuanzia mwaka 2035. Mpaka hapo watu wavumilie kiu.

Huko Japani, Juni 2017, Bwana Hideto Kijima alifika kupanda ndege ya kampuni ya Vanilla Air katika kisiwa cha Amami. Uwanja ulikuwa na ngazi tu. Rafiki zake walikuwa tayari kumpandisha na kiti chake, lakini aliambiwa kwamba kanuni za kampuni hazikubali. Basi akateremka katika kiti, akaketi juu ya ngazi, akajivuta kwa mikono daraja moja baada ya jingine mpaka juu. Habari zilipotoka magazetini, kampuni iliomba radhi, na mwezi ule ule kifaa cha kupandishia kikapatikana. Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Kabla ya tukio, chombo kile hakikuwapo. Baada ya aibu, kilipatikana kwa siku chache. Tukiambiwa kwamba fedha hakuna, tuikumbuke Amami.

Tena msidhani kwamba ndege ni ya matajiri na watalii pekee. Nani kati yetu hajachangia harambee ya jamaa anayepelekwa India kwa matibabu? Mzee aliyepooza, mama aliyekatwa mguu kwa sukari, kijana aliyevunjika uti wa mgongo akiwa juu ya jukwaa la mjenzi: hao ndio abiria wa viti, na nauli zao zatoka mifukoni mwetu. Na mtu wa Wajir au Lamu akitaka kuwahi hospitali ya Nairobi, mara nyingi njia ya upesi ni ndege ndogo, ambayo ngazi yake iko ndani ya mlango na ni nyembamba hata kwa mtu mzima wa miguu.

Twende upande wa shehena, maana huko ndiko lawama humwangukia mfanya kazi.

Kiti cha umeme huweza kufika kilo mia na zaidi. Mlango wa shehena wa 737 haufiki mita moja kwa urefu, na ndani yake mpakizi hafanyi kazi akiwa amesimama wima, hupiga magoti. Kiti kirefu hakiingii kikiwa wima, hulazwa ubavu. Betri lazima ijulikane ni ya namna gani, ifungwe au iondolewe kama kanuni za moto zinavyotaka. Ni nani amewafundisha wapakizi mambo hayo? Mara nyingi ni mwenzao aliyefundishwa na mwenzake. Kiti kikivunjika, abiria hakupoteza sanduku la nguo. Amepoteza miguu.

Marekani wanalazimishwa kuhesabu, kwa hiyo twazijua hesabu zao. Mwaka 2023 makampuni makubwa ya huko yaliripoti viti na vigari 11,527 vilivyoharibiwa, kucheleweshwa au kupotea. Oktoba 2024 kampuni ya American Airlines ilitozwa dola milioni 50 kwa makosa ya kuwahudumia vibaya abiria wenye ulemavu na kuharibu viti vyao. Kabla ya hapo, mwaka 2021, kiti cha umeme cha Bi. Engracia Figueroa, mtetezi wa haki za wenye ulemavu, kiliharibiwa safarini. Alikaa saa nyingi katika kiti kisichomfaa, akapata kidonda cha kukalia, kidonda kikaingia ugonjwa, na Oktoba ya mwaka huo akafariki. Wenzake walisema wazi kwamba chanzo ni kile kiti.

Iko pia picha ya sinema iliyopigwa Miami mwaka 2023, ambapo kiti kiliachwa kiteremke peke yake katika mteremko wa mizigo mpaka kikagonga chini na kupinduka. Watu wengi waliwatukana wapakizi. Uzembe ni uzembe, wala Chama hakiutetei. Lakini na sisi twauliza swali ambalo wenye kutukana hawakuuliza: mashine ya kukishusha kiti kile ilikuwa wapi?

Hapa kwetu mwanachama akiona kiti kimepinda, hofu yake ya kwanza ni mshahara. Basi na ajue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata fedha kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu ambapo mfanya kazi amekosa kwa makusudi, na hata hapo kiasi kiwe cha haki. Mtu aliyeamriwa kuingiza kiti cha kilo mia katika mlango mfupi, bila kuteremshiwa mashine, hakukosa kwa makusudi. Asikubali kutia sahihi karatasi ya kukatwa fedha kabla ya kumwona mwakilishi wa Chama.

Na abiria je? Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kiti chake chahesabiwa kuwa mzigo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kipimo cha fidia ni 1,519 za hesabu iitwayo SDR, yaani yapata dola 2,000 za Marekani, na viti vya umeme vingi vyauzwa mara nyingi zaidi ya hapo. Mkataba huo huo wampa nafasi ya kutangaza thamani ya kiti kabla ya safari, akilipa nyongeza ikitakiwa, ili fidia ipande. Makarani wa kaunta wamweleze. Ni maneno ya dakika moja.

Wengine watauliza kama wenye ulemavu wenyewe wamefanya nini. Wamefanya zaidi ya wengi wetu. Marekani askari wa zamani waliopooza walikuwa na chama chao, Paralyzed Veterans of America, nacho kilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1986 kikashindwa: majaji walisema sheria iliyokuwapo haiyabani makampuni ya ndege yasiyopokea fedha za serikali moja kwa moja. Hawakurudi nyumbani. Walikwenda bungeni, na mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya kukataza makampuni ya ndege kuwabagua. Anayejua maisha ya vyama vya wafanya kazi hataona ajabu hapo.

Ulaya nao wana kanuni ya mwaka 2006, ambayo twaipenda kwa jambo moja la hesabu. Kazi ya kuwasaidia abiria hawa iko juu ya mwenye uwanja, abiria halipi kitu, na gharama yaweza kugawanywa kwa makampuni yote kwa kadiri ya idadi ya abiria wao wote. Ikigawanywa hivyo, kwa kila tiketi ni fedha kidogo sana. Kwa nini Nairobi na Mombasa washindwe?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma kwa kadiri ifaavyo. Yasema pia atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomshusha. (Kwa hiyo wale wanaopiga kelele katika redio ya mkononi, “Leteni kile kiti kimoja cha mlangoni,” wakimaanisha mtu, waache.) Tunayo na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025. Sheria zipo; kinachokosekana ni lori la kuinua lenye dereva kila zamu.

Sasa neno la makontrakta. Desturi imeenea duniani ya kumtoa msukuma viti katika orodha ya kampuni na kumpa kontrakta, ambaye hulipa kidogo na kubadilisha watu kila mara. Huwezi kumfundisha vema mtu atakayeondoka baada ya miezi mitatu. Huko Charlotte, Marekani, Novemba 2024, wafagiaji wa ndege na wasukuma viti wa makontrakta wawili waligoma saa 24 katika juma la sikukuu, wakidai mshahara wa kuishi. Wao ndio waliokuwa wakiwaingiza ndegeni abiria wa viti, na baadhi yao walishindwa kulipa kodi ya nyumba. Mwezi uliofuata serikali ya huko ilitoa kanuni za kutaka mafunzo ya vitendo kila mwaka kwa wanaobeba abiria na wanaopakia viti. Mwaka 2025 makampuni makubwa yakaenda mahakamani kuzipinga, na serikali ikaahirisha utekelezaji wa baadhi yake. Mafunzo ya kumwinua binadamu, ati ni mzigo kwa biashara!

Wako pia wanachama wetu wanaonong'ona kwamba mashine ikija, bakshishi itakwisha na mikono itapunguzwa. Twawajibu kwa wazi. Lori la kuinua lataka dereva na watu wawili wa kuandamana na abiria. Halifanyi kazi peke yake. Na bakshishi anayokupa mama mgonjwa baada ya kubebwa kwa aibu si mshahara. Mshahara ni ule ulioandikwa.

Basi Chama kitataka iandikwe hivi: abiria asiyeweza kupanda ngazi asibebwe kwa mikono ila kwa hatari ya moto au mfano wake, kila zamu iwe na lori la kuinua lililo zima, na likiharibika ndege ingoje bila mfanya kazi kuandikiwa barua ya kuchelewesha, mafunzo kila mwaka, katika saa za kazi, yafundishwe pamoja na watu wanaotumia viti wenyewe, maana wao ndio wajuao waumizwapo. Na wasukuma viti wote, wa kontrakta pia, wawe ndani ya mapatano haya haya.

Mwajiri ataomba ushahidi. Kwa hiyo kila mwanachama wa uwanjani, tangu juma hili, aandike katika daftari siku, saa, aina ya ndege, lori lilikuwapo au halikuwapo, na watu wangapi walibeba. Jina la abiria lisiandikwe. Aliyeumia mgongo aandike na siku alizokosa kazi. Madaftari yapelekwe kwa wawakilishi wa idara kabla ya mwisho wa mwezi, nao wayalete ofisini kwa Katibu.