Bata wa pembeni halali kabisa: nani analinda usingizi wa raia?

Mtu akilala sana, anaitwa mvivu. Mnyama yeye hulala kufuatana na usalama wa mahali alipo, na hapo binadamu ana jambo la kujifunza.

Simba, ambaye wanyama wengi wanamuogopa, anaweza kulala na kupumzika hadi masaa 20 kwa siku. Tembo wa porini hana nafasi hiyo. Huko Botswana, watafiti walifuatilia tembo majike wawili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017: walilala takriban masaa 2 tu kwa siku. Kuna wakati walikaa hadi masaa 46 bila kulala, wakitembea mwendo mrefu usiku, pengine kwa kukimbia simba ao majangili.

Katika hifadhi ya Virunga, gorila wa mlimani hutengeneza kila jioni kitanda kipya cha matawi na majani. Mtoto hulala na mama yake, na jamaa yote hulala karibu karibu.

Lakini somo kubwa linatoka kwa bata. Wakilala kwa mstari, wale wa katikati hufunga macho yote mawili. Wa pembeni hufunga jicho moja tu. Lile linalotazama nje hubaki wazi, na nusu ya ubongo hubaki macho. Mara kwa mara bata huyo hujigeuza, ili upande mwingine nao upumzike. Maana yake ni wazi: usingizi wa mmoja unalindwa na mwingine.

Mashariki mwa Congo, wakaaji wengi wamegeuzwa kuwa bata wa pembeni. Katika vijiji vya Ituri na vya Kivu, kuna jamaa ambazo zimelala porini kwa kuogopa mashambulizi, na asubuhi zikarudi shambani. Wengine hulala na viatu miguuni, mzigo ukiwa karibu na mlango. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji masaa 9 hadi 12 ya usingizi. Aliyekesha akisikiliza risasi atasinzia darasani, na mwalimu atamuita mvivu.

Kuna watakaosema kwamba mahali watu wanauawa na kukosa chakula, usingizi ni jambo dogo. Sivyo. Asiyelala hufanya kazi vibaya, hukasirika haraka, husababisha ajali barabarani, na mwili wake hudhoofika mbele ya magonjwa. Tena, usingizi ni kipimo cha amani kisichodanganya. Wakuu wanaweza kutangaza kwamba hali ni tulivu. Lakini siku mama atakapovua viatu kabla ya kulala, ndipo raia atasadiki.

Kwa hiyo, wanaolipwa ili wakae pembeni wakae pembeni kweli, usiku, kwenye njia ambamo adui hupitia. Si haki vijana wa kijiji wakeshe kila siku kwa doria kisha waende kulima, wakati wanaoshika silaha kwa jina la taifa wamelala katikati.

Na kuna sehemu isiyongoja mapatano ya amani. Katika miji, nganda na vyumba vya maombi hupiga vipaza sauti mpaka alfajiri, pembeni ya nyumba za wagonjwa na watoto wachanga. Mkuu wa mtaa anaweza kusimamisha kelele hizo leo, bila kutumia hata franka moja. Anayecheza na anayesali wana haki yao, ila haki hiyo inafika kwenye ukuta wa jirani na kuishia hapo.

Bata hawana sheria wala serikali, na bado wanajua kwamba kundi halilali salama kama hakuna anayekesha. Watu wenye vyote viwili wasishindwe na bata.