Gari Linapolia



Kwa muda wa wiki mbili mama watoto wetu alikuwa akituambia kwamba gari linalia. Nasi tukamjibu, kama wajibuvyo wanaume wengi wa mji huu, kwamba ni barabara, ni matuta, ni vumbi. Yeye ndiye alitumiaye zaidi, kuwapeleka watoto madrasa na kwenda kumjulia hali mamake Likoni. Alitueleza hata sifa za sauti hiyo: ni kama mluzi mwembamba, yatoka gurudumu la mbele la kushoto, na husikika mguu ugusapo breki tu. Laiti tungekuwa na masikio, hayo yalikuwa maelezo kamili ya ugonjwa.

Alkhamisi moja, tukiteremka kuelekea kivuko cha Likoni, mluzi ule ukageuka mkwaruzo wa chuma juu ya chuma. Gari lilisimama, alhamdulillahi, lakini lilisimama karibu mno na tuktuk iliyokuwa mbele yetu, na ndani yake mlikuwa na mama aliyepakata mtoto mchanga. Mama watoto hakusema neno. Tungependelea aseme.

Fundi alipovua gurudumu alituonyesha. Pedi nyingi za breki hutiwa ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikikaribia kwisha, ulimi huo hugusa diski na kupiga mluzi. Yaani sauti ile huwekwa makusudi ili mwenye gari aonywe mapema. Kwa kuwa tuliipuuza, pedi ilikwisha kabisa, chuma chake kikaichimba diski, tukalazimika kununua vyote viwili. Hata hivyo, si kila mkwaruzo ni hatari. Gari likilala nje katika hewa yetu hii ya chumvi, hasa usiku wa mvua, diski hushika kutu nyepesi, nayo huondoka breki zikikanyagwa mara chache asubuhi. Mkwaruzo usiokoma baada ya hapo ndio wa kushughulikiwa.

Basi mama zetu na dada zetu, msikubali kuambiwa "si kitu", si na mume wala na fundi. Mwendapo gereji, elezeni sauti ni ya namna gani, yatoka upande gani, na hutokea mnapofanya nini. Mngurumo unaozidi kadiri mwendo uzidivyo, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Mlio wa tik-tik mnapokata kona kali huelekea kwenye jointi ya ekseli. Mgongo kwenye matuta, kwenye shokabzoba au viungo vya chini. Mpandisheni fundi garini aisikie mwenyewe kabla hajafungua kitu. Asiyetaka kusikiliza, bali ataka kuuza spea tu, mwacheni mtafute mwengine.

Sisi wa Mji wa Kale tuna neema moja. Zimeni redio, teremsheni vioo, mpite polepole katika njia nyembamba za Kibokoni: kuta zilizo karibu huirudisha sauti, mkajua ni upande gani.

Na ikiwa injini yenyewe yagonga kwa ndani na taa nyekundu ya oili imewaka, msingoje kufika nyumbani, hata kama mko Makupa katika jua la saa saba. Wekeni gari kando, zimeni injini, mumwite fundi aje hapo mlipo.