Ile Namba Kwenye Simu Si Hela Yako

Muhula huu kuna hoja inazunguka kwenye magrupu ya madarasa: mfuko wa darasa usikae tena kwenye simu ya mweka hazina, ubadilishwe uwe USDT na uwekwe kwenye akaunti ya soko moja la sarafu za kidijitali. Wanaoitetea wanasema dola haiyumbi kama shilingi. Darasani kwetu nilipiga kura ya hapana. Naeleza hapa kwa nini, maana jambo hilohilo wengi wetu tunalifanya kimyakimya na bumu letu, na huko hakuna kikao wala kura.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kripto. Kuna wenzetu wanafanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa sarafu hizo, na zinawasaidia kulipa ada. Ninachohoji ni pale tunapoziacha.

Kizazi chetu kimelelewa na M-Pesa. Tunajua ukiona 40,000 kwenye skrini, hiyo ni 40,000. Simu ikiibiwa, unarudisha laini na hela unaikuta. Ukikosea namba, unakimbilia huduma kwa wateja na una tumaini la kurudishiwa. Imani hiyo ina misingi. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, hela halisi inayolingana na salio letu inatakiwa iwepo benki, kwenye akaunti maalumu iliyotengwa kwa ajili ya wateja. Ukiweka hela benki mwenyewe, Bodi ya Bima ya Amana inakukinga hadi shilingi milioni 7.5 benki hiyo ikifilisika. Kwa hiyo nyuma ya namba unayoiona kuna sheria, kuna benki, na kuna mlango wa kugonga ukidhulumiwa.

Programu za kripto zimechukua sura ileile: salio kubwa juu, kitufe cha kutuma, kitufe cha kutoa. Macho yetu yanaona M-Pesa nyingine. Mwaka 2024, wakati wa Hamster Kombat, hosteli zilijaa watu wanaogonga skrini usiku kucha. Sarafu yake ilipotoka Septemba, wengi walifungua akaunti kwenye masoko ili tu waipokee, na leo akaunti hizohizo ndizo vibubu vyao.

Lakini sarafu ya kidijitali haikai ndani ya simu. Imeandikwa kwenye daftari la pamoja mtandaoni, na anayeweza kuihamisha ni mwenye ufunguo wake wa siri. Ukiiacha sokoni, ufunguo wanao wenye soko. Wewe una neno la siri la kuingilia, yaani una nafasi ya kuwaomba wakutolee. Siku wakikwama, unakuwa mtu anayedai, na unapanga foleni na wadai wengine.

Foleni hizo zipo kwenye kumbukumbu za mahakama. Mt. Gox ya Tokyo iliwahi kuwa soko kubwa kuliko yote ya Bitcoin duniani. Februari 2014 ilianguka, ikasema Bitcoin kama 850,000 hazionekani. Baadaye 200,000 hivi zilipatikana kwenye pochi ya zamani. Wateja walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024, miaka 10 baadaye. Hesabu mwenyewe ni digrii ngapi hizo.

FTX ilifilisika Novemba 2022 baada ya fedha za wateja kutumika kwenye biashara nyingine ya mmiliki wake, Sam Bankman-Fried. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Wapo watakaosema mbona wateja wake wamelipwa. Ni kweli, lakini madai yao yalihesabiwa kwa bei ya siku kampuni ilipofilisika, Bitcoin ikiwa chini ya dola 17,000. Kufika Desemba 2024 ilikuwa imevuka dola 100,000. Mwenye kuitunza mwenyewe alikuwa bado na Bitcoin yake nzima, na mwenye kuiacha FTX alikuwa anasubiri thamani ya zamani.

Kesi inayonitisha zaidi ni ya Celsius ya Marekani, iliyofilisika Julai 2022. Wateja wake waliweka sarafu kwenye akaunti za kupata riba. Januari 2023 jaji wa mahakama ya ufilisi ya New York aliamua kwamba sarafu za akaunti hizo, zenye thamani ya dola bilioni 4.2 hivi, zilikuwa mali ya kampuni. Sababu ni kwamba masharti ya matumizi yalisema hivyo, na wateja walikuwa wameyakubali. Ni yale maandishi marefu ambayo sisi sote tunayaruka tukikimbilia kitufe cha "nakubali".

Kuna pia wizi wa moja kwa moja. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa ether za takriban dola bilioni 1.5, na FBI ikasema wezi ni wa Korea Kaskazini. Bybit ilikopa ikaziba pengo, wateja hawakupoteza. Wamshukuru Mungu, maana si kila soko lina mtu wa kulikopesha usiku ule.

Hapa nyumbani, Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, na nimesikia watu wakisema "si tayari zinatozwa kodi, basi ziko salama." Jamani, kutozwa kodi si kuwekewa bima. Ile milioni 7.5 ya amana za benki haiihusu USDT yako.

Mtu atanijibu kwamba kujitunzia ufunguo nako kuna hatari. Nakubali. James Howells wa Wales mwaka 2013 diski yake yenye funguo za Bitcoin kama 8,000 ilitupwa jalalani, na hajaipata mpaka leo. Tofauti ni kwamba hatari ya kupoteza karatasi unaweza kuidhibiti mwenyewe. Maamuzi ya mkurugenzi aliyeko nchi nyingine huwezi kuyadhibiti hata ukisali.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Hela ya ada, kodi ya chumba na chakula isiingie huko kabisa. Kama unalipwa kwa kripto, geuza unachohitaji kuwa shilingi mapema, na kinachobaki kihamishie kwenye pochi ambayo ufunguo wake unao wewe. Jaribu kwanza na kiasi kidogo, maana ukikosea anwani hakuna wa kumpigia. Yale maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi yaandike kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Usiyapige picha wala kujitumia WhatsApp. Na yeyote anayekuomba maneno hayo, hata akijiita huduma kwa wateja, ni mwizi. Kwenye akaunti ya soko unayolazimika kubaki nayo, weka uthibitisho wa pili wa programu badala ya SMS, kwa kuwa laini yako ikisajiliwa upya na tapeli, SMS zote zinakwenda kwake.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tunawafundisha namna ya kusajili kozi na kusaini bumu. Tuongeze saa moja ya kuwafundisha bumu hilo likishaingia, nani hasa anashika ufunguo wake. Wahadhiri wa kompyuta na wa sheria tunao hapahapa, ukumbi tunao, na wale watoto wanakuja na simu tayari mkononi.