Kanuni za Vikao Si Shauri la Makarani

Wapo watumishi wanaodhani kwamba kanuni za kikao ni shauri la makarani, karatasi za kujaza majalada. Dhana hiyo ni potofu.

Bunge la Jamhuri ya Muungano halipewi kanuni zake na Serikali. Ibara ya 89 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge lenyewe uwezo wa kutunga Kanuni za Kudumu, na Bunge jipya hukuta zile za Bunge lililotangulia. Bunge Maalum la Katiba halikuwa na urithi wa namna hiyo. Lilipokutana Dodoma Februari 2014, likiwa na wajumbe zaidi ya 600, lilianza kwa kumchagua Ndugu Pandu Ameir Kificho kuwa Mwenyekiti wa muda, ili aongoze utungaji wa kanuni. Ndugu Samuel Sitta hakuchaguliwa kuwa Mwenyekiti mpaka Machi 12.

Wananchi walinung'unika sana juu ya posho za majuma hayo. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki, lakini ubishi wenyewe haukuwa wa bure. Sheria ilitaka rasimu ipate theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. Kwa hesabu hiyo, kura chache za upande mmoja zingeweza kuangusha kazi yote. Ndiyo maana swali la kura ya siri au ya wazi liliwagawa wajumbe kuliko vifungu vingi vya rasimu: kwa kura ya wazi mjumbe huonekana na waliomtuma, na kwa kura ya siri hubaki na dhamiri yake.

Mwisho wa Machi zikaruhusiwa zote mbili, kila mjumbe achague. Suluhu hiyo ilituliza ukumbi, lakini sisi hatuoni kwamba ililinda siri. Wenzako wakipaza sauti kusema ndiyo, nawe ukaomba karatasi, nani hatakukisia? Kisha Septemba, kura ikiwa imekaribia, kanuni zikarekebishwa ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwamo mahujaji, wapige kura huko huko. Huenda nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kanuni inayobadilishwa wakati kura zinahesabiwa vichwani haiwezi kukwepa shaka.

Hapa Singida jambo hili si la mbali. Halmashauri zilivunjwa mwaka 1972, na zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, ambazo zilizipa uwezo wa kuwa na kanuni zao za kudumu. Leo mkoa una halmashauri saba, kuanzia Manispaa hadi Itigi na Mkalama. Kanuni ndizo zinazoeleza taarifa ya kikao itolewe lini, akidi ni wangapi, na lini baraza likae kama kamati. Likikaa kama kamati, wananchi hutoka nje, na mara nyingi ndipo hatima ya mtumishi huamuliwa. Mtumishi asiyezijua kanuni hizo atajuaje kama ametendewa kwa utaratibu?

Hapana budi nakala ziwekwe katika ofisi za kata na shuleni, katika Kiswahili kinachosomeka, na kila baraza jipya la madiwani litengewe siku nzima ya kuzijadili kabla ya kugusa bajeti.