Mvinyo Huu Unataka Nyama, Siyo Maringo

Mwezi huu tuzungumzie jambo linalowatesa wengi kimyakimya kwenye mtoko. Mwenzi wako kaagiza mvinyo mwekundu wa Hispania, tena wa bei mbaya. Unapiga funda la kwanza, ulimi unakauka kama umetafuna bibo. Unafanyaje? Wengi wanatabasamu na kusema, "Mtamu!" Chakula hakijafika na tayari watu wameshadanganyana.

Ule ukakasi una sababu zake. Mvinyo niliouonja mimi unatoka Ribera del Duero, eneo la Castilla y León, kaskazini mwa Madrid, ambalo lina hadhi rasmi ya mvinyo tangu 1982. Zabibu yake kuu inaitwa Tempranillo. Mashamba mengi yako mita 700 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana jua linachoma kwelikweli na usiku baridi inauma. Jua linaziivisha zabibu na kuzipa ganda nene, baridi inazitunzia uchachu wake. Kwenye ganda hilo ndimo ilimo tanini, ambayo inashikana na protini za mate yako na kuuacha mdomo mkavu. Ukakasi wa namna hiyo unaujua, uko kwenye chai ya rangi iliyokolea sana. Kwa hiyo mvinyo haujaharibika, wala wewe si mshamba.

Chupa yangu iliandikwa Crianza, maana yake umetunzwa angalau miaka 2, na kati ya hiyo miezi isiyopungua 12 ulikuwa ndani ya pipa la mwaloni. Rangi imekoza. Nikinusa napata zambarau zilizoiva, vanila na moshi wa mbali. Funda la kwanza, bila chakula, lilinikaza ulimi. Nikatafuna kipande cha nyama ya kondoo chenye mafuta yake, nikanywa tena. Jamani! Mvinyo uleule ukalainika na ladha ya matunda ikajitokeza, maana sasa tanini ilikuwa na protini na mafuta ya nyama ya kushughulika nayo.

Wenyeji wa huko hilo wanalijua siku nyingi. Pale Aranda de Duero chakula cha fahari ni lechazo, mwanakondoo aliye bado ananyonya, anayeokwa kwenye chombo cha udongo ndani ya tanuri la kuni, kwa maji na chumvi basi. Hakuna mbwembwe.

Kwako nyumbani, mbavu za mbuzi za kuchoma zenye mafuta zinafaa kabisa. Samaki mwenye mafuta muache, kwa sababu mvinyo wa aina hii unaweza kumpa ladha ya chuma. Pilipili nayo ipunguze, kilevi kinaongeza mwasho. Na kwa joto letu hili, iweke chupa kwenye friji kwanza ipoe kiasi. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ukiweza, umimine kwenye jagi nusu saa kabla ya kula ili upate hewa.

Halafu soma lebo. Yangu ilisema asilimia 14.5. Glasi moja ya mililita 150 ina kilevi karibu sawa na bia ya nusu lita ya asilimia 4.5, na chupa moja inatoa glasi 5. Piga hesabu kabla ya kuagiza ya pili, na funguo za gari mpe asiyekunywa.

Sasa turudi kwenu wawili. Mwambie mwenzio tu, "Unanikausha ulimi, tungoje nyama." Nyama ikija, onja tena. Kama bado hujaupenda, sema, agiza juisi yako na maisha yaendelee. Na kama mwenzio hanywi kabisa, usimbembeleze. Mapenzi hayapimwi kwa glasi. Ila watu wanaoshindwa kuambizana ukweli kuhusu funda moja la mvinyo, siku kodi ya nyumba ikipungua wataambizana nini?

Haya, tukutane mwezi ujao. Mle vizuri, mnywe kidogo, msemezane kweli.