Shaba haikatwi kama chuma
Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kukata metali kwa leza, shaba umeipita haraka mno. Sisi wa hapa Lubumbashi, mji ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, shaba ndiyo tunayoiulizia kwanza. Shaba hurudisha mwanga wa leza na kusambaza joto upesi. Ukiikata kama chuma, matone yanagandia ukingo wa chini. Leza ya faiba, yenye wimbi la mikroni 1 hivi, huingia kwenye shaba vizuri kuliko ile ya CO2 ya mikroni 10.6. Ama kwa chuma cha pua, tumieni gesi ya nitrojeni, ukingo usiungue kwa oksijeni. Na tafadhali, ukingo ukitoka vibaya, kabla ya kubadili kasi ya kukata, kagueni lenzi na mdomo wa kutolea gesi. Mdomo huo ukishachakaa, ubadilisheni.