Ulinunua Kitabu au Ruhusa?

Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu vya kidijitali. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu vikaacha kufunguka. Mwanafunzi aliyekuwa ameandika maelezo pembeni alifidiwa dola 25. Maelezo yenyewe yakapotea. Miaka kumi kabla, Amazon walifuta Animal Farm, ile ambayo kwa Kiswahili ni Shamba la Wanyama, ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuilipia.

Kwa filamu ya kutazama mara moja, kulipia kwa mwezi kunatosha. Hadithi za kuwasomea watoto Kiswahili huku ugenini ni jambo jingine. Hizo nabeba za karatasi kila nikitoka nyumbani, hata kilo zikibana. (Nguo zipo huku.) Kadi ya benki ikigoma, kitabu bado kipo kabatini, na mdogo atakirithi kwa mkubwa, jalada limechanika.